Kijana wa Baiskeli na Mama wa Zanana: Watu Wasio na Majina Waliojenga Mtoko wa Sinema Unguja

Mtoko wa Mji Mkongwe siku hizi una ratiba inayojulikana. Watu wanne watano wanakutana Darajani mchana, wanapiga urojo, wanazunguka vichochoroni wakipigana picha kwenye milango ya nakshi, wanapita Ngome Kongwe, na magharibi inawakuta Forodhani na mishikaki mkononi. Picha zinapandishwa mtandaoni, kopa kopa zinamiminika, siku imeisha.

Kitu kimoja hakimo kwenye ratiba hiyo, na zamani ndicho kilichokuwa mtoko wenyewe: sinema. Babu na bibi za hao wanaopiga picha leo hawakutoka nyumbani kwenda kutazama majengo kwa nje. Walivaa, wakakusanyana, wakaingia ndani, taa zikazimwa, na wakatoka saa tatu baadaye wakiwa wanaimba nyimbo za lugha wasiyoijua. Historia hiyo ina watu wengi ambao hakuna kibao kilichoandikwa majina yao. Ndio hao wa leo.

Vuga, 1921

Kabla ya majumba ya kudumu, picha za kutembea zilionyeshwa Unguja kwenye mahema na mabanda. Mambo yalibadilika mwaka 1921, pale mfanyabiashara mmoja Mzanzibari wa asili ya Kihindi alipofungua jumba la Royal, Vuga. Mchoraji wa jengo alikuwa ofisa wa Kiingereza, yule yule aliyechora Mahakama Kuu ya Vuga na Beit el Amani pale Mnazi Mmoja. Yaani mtu anaweza leo kutembea kwa miguu, bila hata kutoka jasho, akaona kazi za mkono mmoja: nyumba ya sheria na nyumba ya makumbusho. Ya tatu, nyumba ya starehe, haipo tena. Iliungua moto miaka ya 1950.

Palepale kukainuliwa jumba jingine, Majestic, lililofunguliwa mwaka 1955. Hilo ndilo jengo linaloonekana mpaka leo. Halina mambo mengi kama majumba ya masultani. Lilijengwa kwa mtindo wa kisasa wa wakati ule: mistari iliyonyooka, uso uliolingana kushoto na kulia, na ndani siti za chini na za ghorofani. Mjini kulikuwa pia na Empire na Cine Afrique, na hata Pemba hawakuachwa nyuma.

Ndani ya ukumbi, kilichopanga watu ni bei ya tiketi. Mwenye hela alikaa juu na familia yake, akiwa amejifukiza udi. Mchukuzi wa bandarini na kijana wa mtaani walikaa mbele, shingo zimeinuka, karibu kabisa na pazia. Lakini wote walilia pahala pamoja na kucheka pahala pamoja. Kwenye mji ambao serikali ya kikoloni ilipenda kuwagawa watu kwa makabila na rangi, hilo halikuwa jambo dogo.

Jumapili ndiyo siku

Filamu zilizoshika mji zilikuwa za Kihindi. Awara ya 1951 ilizunguka pwani nzima, na Mother India ya 1957 ikawaliza watu wazima waziwazi. Wazanzibari wengi hawakujua Kihindi, na wala haikuwa tatizo. Hadithi zenyewe zilieleweka: mama aliyeachwa na watoto, kijana maskini anayempenda binti wa tajiri, baba mkali, mkopeshaji asiye na huruma. Ugomvi wa mapenzi na heshima ya familia haukuhitaji mkalimani Unguja. Na anayejua lugha kidogo alikuwa akimfasiria jirani yake, jirani akimfasiria wa nyuma, mpaka mstari mzima umejua kinachoendelea.

Nyimbo ndizo zilizotoka na watu nje. Kesho yake zilisikika zikipigwa miluzi kwenye vibaraza, na hazikuishia hapo. Waimbaji wa taarab walichukua tuni za sinema, wakazitia maneno ya Kiswahili na mafumbo yao wenyewe. Nyimbo kibao ambazo leo zinaitwa za zamani na za kwetu zilianzia kwenye pazia la sinema. Wala si wizi, ni mji wa bandari ukifanya inachofanya kila bandari: kupokea, kugeuza, kuita chake.

Na kwenda sinema hakukuwa suala la kuingia tu. Kulikuwa na kujiandaa. Shati linapigwa pasi ya mkaa, nywele zinachanwa kama za mwigizaji fulani, na kampani inapitiana nyumba kwa nyumba. Aliyekosa nguo alijifanya mgonjwa. Kwenye sikukuu za Idd ndiyo usiseme: nguo mpya zote za mji zilitaka kuonekana, na mlango wa sinema ndio uliokuwa jukwaa.

Kijana wa baiskeli

Sasa hapa ndipo anapoingia mtu ambaye hatajwi kwenye kitabu chochote cha watalii.

Filamu za wakati ule zilikuja kwenye mikanda ya milimita 35, iliyoviringishwa na kuwekwa ndani ya makopo ya bati. Picha 24 zilipita mbele ya taa kila sekunde moja, kwa hiyo kopo kubwa liliisha ndani ya dakika 20 hivi. Filamu ya Kihindi ya saa tatu ilikuwa na makopo tisa, kumi. Chumba cha mashine kilikuwa na projekta mbili: moja ikikaribia kumaliza mkanda, fundi anaiwasha ya pili, na akiwa mtaalamu kweli, wa chini hawajui kama kuna kilichobadilika.

Nakala za filamu mpya zilikuwa chache na ghali. Mara nyingine nakala moja ilitakiwa kuonyeshwa majumba mawili usiku mmoja. Suluhisho likawa baiskeli. Jumba la kwanza linaanza, la pili linasubiri kidogo. Mkanda wa kwanza ukiisha, unaviringishwa upya, unatiwa kwenye kopo, na kijana anaondoka nao mbio kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, kengele inalia, watu wanajibana ukutani. Anafikisha, anachukua uliokwisha, anarudi. Usiku mzima ni hivyo.

Hesabu yake haikuwa na huruma. Tairi likitoboka, au akikutana na mkokoteni uliokwama njiani, pazia lilibaki jeupe. Mpenzi ameshaanza kumwaga machozi, mama yuko karibu kumtambua mwanawe aliyepotea miaka 20, halafu taa zinawaka! Hapo ukumbi mzima ulipiga miluzi na kelele, na lawama zote zilimwangukia kijana ambaye hata hayupo. Akitokea na kopo lake, anapigiwa makofi kama ndiye nyota wa filamu. Mtu aliyeubeba mtoko wa mamia ya watu kwenye usukani wa baiskeli, na yeye mwenyewe huenda hakuwahi kuiona filamu moja kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Zanana: mchana wa kina mama

Kwa wanawake wengi wa mjini, hasa wale waliolelewa kutotoka ovyo, usiku wa sinema ulikuwa mbali. Wenye majumba waliliona hilo, na wakaliona pia soko lililomo. Yakaanzishwa maonyesho ya zanana, ya wanawake watupu, mchana. Utaratibu huo ulienea pwani, Unguja mpaka upande wa Mombasa.

Pichani ni hivi: mabuibui meusi yanamiminika kutoka kila kichochoro, watoto wameshikwa mikono, bisi na karanga zimefungwa kwenye karatasi. Mlango ukishafungwa, mabuibui yanashushwa, na chini yake kumbe kuna nguo za sikukuu. Hakuna baba, hakuna kaka, hakuna shemeji. Mtu anacheka kwa sauti anayotaka.

Ilikuwa zaidi ya filamu. Mule ndani mitindo ya nguo ilipimwa kwa macho na kupelekwa kwa fundi cherehani kesho yake. Posa zilianza mule, maana mama mwenye kijana wa kuoa alipata nafasi ya kuwatazama mabinti wa watu. Ugomvi uliisha mule, na mwingine ulianza mule. Vijana wa leo wanaodhani bibi zao hawakuwahi kuwa na mtoko wa marafiki wa kike, wafikirie upya. Walikuwa nao, kila wiki, na tiketi walilipia wenyewe kwa hela za kibati.

Mlanguzi, bara na drive-in

Penye foleni hapakosi mjanja. Filamu ikiwa kali, walanguzi walinunua tiketi mapema na kuziuza mlangoni kwa bei ya juu. Walichukiwa na walitegemewa kwa wakati mmoja, maana kijana aliyemwahidi mchumba hawezi kurudi naye nyumbani eti tiketi zimeisha.

Upande wa Dar es Salaam mambo yalikuwa moto vilevile: Avalon, Empire, Empress, Odeon, New Chox, na Amana kule Ilala. Mwaka 1966 ikafunguliwa sinema ya kuangalia ukiwa ndani ya gari, Drive-In, upande wa Msasani. Wenye gari walijaza ndugu mpaka kwenye buti. Leo mahali hapo upo Ubalozi wa Marekani. Miaka ya 1970 ilileta Bruce Lee, na ghafla kila uwanja wa mtaa ukageuka chuo cha kareti, watoto wakirushiana mateke na kuumizana kweli.

Kilichozima taa

Haikuwa sababu moja. Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya 1964, majumba yaliingia mikononi mwa serikali. Bara, usambazaji wa filamu ulikabidhiwa Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoundwa mwaka 1968. Familia nyingi za wafanyabiashara ya sinema zilihama. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Zanzibar ikapata televisheni ya rangi, kitu kilichokuwa bado ndoto sehemu kubwa ya Afrika. Halafu ukaja uchumi mgumu: fedha za kigeni hakuna, vipuri vya projekta hakuna, filamu mpya haziji, na zilizopo zimekwaruzika mpaka mvua inanyesha jangwani.

Miaka ya 1980 ikaleta deki za video. Mtu mmoja mwenye deki na televisheni alitosha kuwakusanya majirani sebuleni. Mwaka 1994 televisheni binafsi zikaanza bara. Kilichobaki kikahamia kwenye vibanda umiza, benchi za mbao na msimuliaji anayefasiri filamu kwa Kiswahili cha mtaani. Akina kaka hao ni wajukuu wa yule mtazamaji aliyekuwa akimfasiria jirani yake pale Majestic, tofauti ni kwamba wao walipata maikrofoni.

Majumba yenyewe yakawa maghala, maduka, kumbi za shughuli nyingine. Majestic lilikaa miaka mingi paa likiwa limeporomoka, ingawa kumekuwa na jitihada za kulifufua. Bahati nzuri sinema haikuhama mji kabisa. Tangu 1998 tamasha la filamu la ZIFF limekuwa likionyesha picha Ngome Kongwe, ndani ya kuta zilizojengwa na Waomani baada ya Wareno kutimuliwa mwishoni mwa karne ya 17. Pazia chini ya nyota, upepo wa bahari unapiga, kiti cha mawe kinauma mgongo. Ni mtoko wa haki kabisa.

Majengo hayajishikilii yenyewe

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 ambalo kila mgeni hulipiga picha, iliporomoka wakati wa ukarabati. Wafanyakazi wawili walipoteza maisha. Siku ile mitandao ilijaa picha za jumba lilivyokuwa zamani, na ni wachache waliouliza habari za wale wawili.

Ndivyo historia ya majengo inavyozoeleka kusimuliwa: sultani aliyeagiza, mhandisi aliyechora, mwaka uliofunguliwa. Lakini jumba la sinema halikuwa kuta. Lilikuwa fundi aliyebadilisha mkanda bila mtu kushtuka, muuza bisi wa mlangoni, mama aliyeweka akiba ya zanana, na kijana aliyekata kona za Mji Mkongwe gizani na makopo ya bati. Kuta zinaweza kurudishwa kwa fedha za wahisani. Watu hao hawarudishiki, na kumbukumbu zao hazikuandikwa popote isipokuwa vichwani mwao.

Na muda haupo. Binti aliyekuwa na miaka 20 Mother India ilipotoka, leo anakaribia 90. Wengine wako sebuleni kwenye nyumba ambazo wajukuu wanapita mbio kuwahi Forodhani. Kabla ya mtoko ujao, dakika 10 zinatosha kukaa naye mkekani na kumuuliza: bibi, filamu ya kwanza uliiona wapi, ulikwenda na nani, na ulivaa nini? Simu iwekwe irekodi. Jibu la swali la nani ulikwenda naye huwa lina mambo.