Kweli na Upendo Chini ya Mlima Meru

Wakati wa Yubile ni wakati wa kushukuru, tena ni wakati wa kukumbuka. Lakini yuko akumbukaye yampendezayo tu, kama mtu ahesabuye ng'ombe walio zizini na kuwasahau waliopotea malishoni. Mimi ni mwalimu wa dini, si mwanachuoni. Nimeombwa niandike jinsi Injili ilivyofika katika nchi ya Meru na Arusha, nami nimeona vema kuandika ya furaha na ya uchungu pamoja, maana Kanisa lisilosema kweli juu ya jana yake halitaaminiwa lisemapo habari za kesho.

1. Usiku wa Akeri

Katika mwaka wa 1893 wamisionari wa Chama cha Leipzig walifika Kilimanjaro, wakaanza kazi yao Machame. Baada ya miaka mitatu walitaka kuupeleka ujumbe wao upande wa magharibi, mpaka mlima Meru. Basi mwezi wa Oktoba 1896 vijana wawili, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walifika Akeri wakapiga hema, wakitafuta mahali pa kujenga. Jeshi hawakuwa nalo. Walakini siku zile zile Johannes, mkuu wa askari wa Kidachi wa Moshi, alikuwa ametua na askari wake si mbali na hapo.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba morani wa Meru na Arusha waliwashambulia wamisionari, wakawaua wote wawili pamoja na Wachaga watano waliofuatana nao. Kisha wakaiendea kambi ya Johannes, lakini huko walishindwa kwa nguvu ya bunduki.

Watu huuliza, Je, wazee wetu waliichukia Injili? Jibu ni kwamba walikuwa hawajaisikia bado. Walichokuwa wamekisikia ni habari za Moshi, jinsi Mangi Meli alivyopigana na Wadachi mwaka wa 1892, na jinsi walivyorudi mwaka uliofuata wakamshinda. Walipoona hema za wazungu Akeri, na hema nyingine za wazungu karibu yake, hawakuona sababu ya kuzipambanua. Ovir na Segebrock walikuwa wazaliwa wa nchi za Baltiki, ambazo wakati ule zilikuwa chini ya dola ya Urusi. Lakini ni nani katika Akeri angeweza kuyajua hayo? Rangi ilikuwa moja, hema za namna moja, na njia waliyoijia ni ile ile itokayo Moshi.

2. Kisasi

Sehemu hii ndiyo twaipita upesi tusimuliapo. Johannes alirudi pamoja na askari wake na mashujaa wengi wa Kichaga. Nyumba zikachomwa, migomba ikakatwa, ng'ombe wakatekwa makundi kwa makundi, watu wengi wakauawa. Vita havikuisha siku moja, bali vilirudi tena katika miaka iliyofuata. Mwaka wa 1900 Wadachi waliwanyonga Moshi Mangi Meli, na Molelia wa Kibosho, na wengine pamoja nao, na baadhi yao walikuwa viongozi wa Meru na Arusha. Ndipo watu wa mlima huu wakalazimishwa kujenga boma la Arusha, lile ambalo leo ni nyumba ya makumbusho. Apitaye hapo na ajue kwamba mawe yale yalibebwa na mabega ya babu zetu bila hiari yao.

Mwaka mmoja nilikuwa nikiwafundisha watoto wa kipaimara habari za Akeri. Nikawaeleza kifo cha wale wawili, nikataka kufunga kitabu. Msichana mmoja akanyosha mkono, akasema, "Mwalimu, waliokufa baadaye, wale waliochomewa nyumba, tunawaombolezea siku gani?" Nilinyamaza. Nilikuwa nimefundisha somo lile miaka mingi, na siku zote nilikuwa nimeishia pale palipokuwa rahisi. Babu yangu mzaa babu alikuwa mmoja wa waliokimbilia msituni na mama yake wakati wa moto ule. Habari zake nilizijua nyumbani, lakini sikupata kuzitamka kanisani. Nikaona ya kuwa nilikuwa na historia mbili, moja ya Jumapili na moja ya jioni motoni, wala hazikuamkiana.

Tangu siku ile nafundisha mambo matatu pamoja: wale wawili, na Wachaga watano waliokufa pamoja nao, na watu wa Meru na Arusha waliouawa kwa kisasi. Wote walikuwa watu wa Mungu.

3. Waliorudi mikono mitupu

Mwaka wa 1902 wamisionari walirudi. Krause na Fickert walianza kazi Nkoaranga katika nchi ya Meru, na mwaka wa 1904 kazi ikafunguliwa Ilboru kwa Waarusha. Hebu tuwaze neno hili. Wenzao waliuawa mahali pale, nao wakarudi kwa watu wale wale, si kudai damu, bali kufundisha kusoma, kutibu vidonda, na kujifunza lugha. Katika hayo twauona upendo wa kweli. Watu hawakuja upesi, wala si ajabu. Mtu aliyeungua hauogopi moto peke yake, huogopa hata majivu. Ilikuwa kazi ya miaka, ya kumtibu huyu na kumfundisha yule, hata watu wakaanza kupambanua kati ya mwalimu na askari.

Lakini kweli yatudai tuseme na upande wa pili. Amani ambayo wamisionari walihubiri ndani yake ilikuwa amani ya boma. Tena miaka ile ile Serikali ya Kidachi iliwagawia walowezi mashamba kuuzunguka mlima, hata watu wa Meru na Arusha wakabanwa kati ya msitu juu na mashamba ya wageni chini. Watu walijifunza kusali katika shule za misheni, na wakitoka nje waliona mipaka mipya katika malisho ya ng'ombe wao. Yeye asemaye kwamba Injili ilikuja safi bila kuchanganyika na mambo hayo hasemi kweli. Na yeye asemaye kwamba haikuwa kitu ila hila ya wazungu, naye hasemi kweli.

Mungu alionyesha mwenyewe Kanisa ni la nani. Mwaka wa 1916 Waingereza waliitwaa Arusha, na mwaka wa 1920 wamisionari Wadachi wakaondoshwa katika nchi. Wengi walidhani kazi itakufa. Haikufa. Walimu na wazee wa kienyeji walipiga kengele, wakafundisha watoto, wakazika wafu, wakahubiri. Wamarekani walikuja kusaidia kwa muda, kisha Wadachi wakarudi, na katika vita vya pili wakaondolewa tena. Lakini mti ulikuwa umekwisha kupata mizizi. Katika miaka ya 1930 Lazaros Laiser wa Arusha alibarikiwa kuwa mchungaji, na tangu hapo kondoo waliisikia sauti ya mchungaji aliyezaliwa katika boma kama lao.

4. Mashamba ya Engare Nanyuki

Mwaka wa 1951 neno la ardhi lilifikia ukomo wake. Serikali ya Waingereza iliazimu kuwahamisha Wameru kutoka Engare Nanyuki, ili nchi ile iwe ya walowezi wafugao ng'ombe. Watu walikataa kutoka. Tarehe 17 Novemba askari wakaanza kuwatoa kwa nguvu. Nyumba zikabomolewa na kuchomwa, na watu wapatao elfu tatu wakafukuzwa katika makao yao. Wakristo walikuwamo miongoni mwao. Wazee waliokuwa wakisimuliwa habari za moto wa Johannes, sasa waliona moshi kwa macho yao.

Lakini safari hii hakuna aliyechukua mkuki. Wameru walichanga fedha, shilingi kwa shilingi, wakamtuma Kirilo Japhet mpaka New York, naye mwaka wa 1952 akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton, akaeleza yaliyotendeka. Neno lao lilikuja mbele ya mkutano mkuu, likakosa kura zilizohitajiwa. Hata hivyo dunia ilisikia. Mtu wa mlimani, asiye na jeshi, alisimama mbele ya mataifa na kusema kweli bila matukano. Kati ya mwaka wa 1896 na mwaka wa 1952 twaona njia ndefu ambayo watu wetu waliipita.

5. Mkuki ulipogeukia nyumbani

Laiti ningeweza kuishia hapo! Lakini ahadi niliyoitoa mwanzo yanikataza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 hatukugombana na mgeni, bali sisi kwa sisi. Wameru wengi walitaka dayosisi yao wenyewe, wengine wakapinga. Ugomvi ukaingia katika sharika, mali ikaharibiwa na damu ikamwagika. Mwisho wake Dayosisi ya Meru ilipata kusimama yenyewe, na kundi jingine likaenda zake kuwa kanisa lao.

Wakati ule nilikuwa mtoto. Nakumbuka ndugu wawili, wana wa tumbo moja, waliokuwa wakienda ibadani Jumapili, huyu akishika upande wake wa barabara na yule upande wake, wala hawakuamkiana. Wote wawili walibeba kitabu kimoja cha nyimbo. Sitasema nani alikuwa na haki, kwa maana kila upande ulikuwa na neno lake. Nasema tu kwamba kila mmoja alidhani anayo kweli, naye hakuwa na upendo. Na baadaye wengine walipotaka upendo, walisema, "Tusiyataje tena mambo yale," wakauacha ukweli nje. Kidonda kilifunikwa bila kuoshwa.

6. Yatupasayo

Mtume Paulo aliwafundisha Waefeso kwamba kweli na upendo haviachani. Nasi historia yetu yatufundisha neno hilo hilo. Kweli bila upendo ilichoma nyumba. Upendo bila kweli ulifunika majivu yangali na moto. Wale waliorudi Nkoaranga mwaka wa 1902 walipata kusikilizwa kwa sababu walikaa, wakatibu, wakajifunza kusema kama watu wasemavyo. Hapo ndipo utume wa Kanisa ulipopatikana tena, na kwa njia hiyo utapatikana leo, si kwa majengo marefu wala kwa sauti kubwa.

Basi, enyi walimu wenzangu, msimuliapo habari za Akeri, msiishie usiku ule. Enyi wazee wa sharika, mkitunza fedha za waumini, hesabu na isomwe wazi ili hata mjane aielewe. Ninyi mlio na shauri la mpaka wa shamba na jirani yenu, msingoje hakimu. Nendeni pamoja mkaonyeshane jiwe la zamani lilipo. Na wewe uliyemwacha ndugu yako upande wa pili wa barabara tangu miaka ile, vuka. Wale wawili niliowataja walivuka, lakini ilikuwa siku ya msiba, na mmoja wao alikuwa amelala katika jeneza.

Mungu atujalie tuvuke tungali hai. Amina.