Kurasa Mbili Zinazotazamana

Mikutano yetu ya mpakani haiendi bila mkalimani. Mhubiri akikimbia na neno, mkalimani anamvuta koti: subiri kwanza, Warundi hawajapata! Kwenye vitabu pia, mbio hizo zina historia ndefu.

Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kinatunza kitabu kilichoandikwa kwa mkono juu ya ngozi karibu mwaka 400. Kinaitwa Codex Bezae, kwa jina la Theodore Beza wa Geneva aliyekikabidhi pale mwaka 1581. Kina Injili na Matendo ya Mitume: kushoto Kigiriki, kulia Kilatini. Mwandishi hakujaza mistari mpaka ukingoni. Aliukata mstari pale maana inapopumzika, ili Kigiriki kikisimama, Kilatini kisimame papo hapo upande wa pili. Ngozi nyingi ilibaki tupu, na ngozi haikuwa rahisi! Lakini jicho la msomaji halikupotea njia.

Mwaka 1516, kule Basel, Erasmus alichapisha Agano Jipya kwa mchapaji Johann Froben. Safari hii lugha hizo mbili zilikaa kwenye safu mbili za ukurasa mmoja, na Kilatini kilikuwa chake mwenyewe, alichokisahihisha. Kwa mpangilio huo alijianika: anayejua Kigiriki aliweza kumpima neno kwa neno. Ila kuna mahali safu zilidanganya. Nakala yake ya Ufunuo ilikosa mistari ya mwisho, basi akaitafsiri kutoka Kilatini kurudi Kigiriki. Kumbe pale chanzo ndicho kilichokuwa tafsiri!

Na sisi je? Kijitabu chetu cha kwanza cha nyimbo, Kiswahili na Kirundi, kilitutoa jasho. Ukurasa wa 1 wa kitabu huwa kulia siku zote, kwa hiyo jozi ya kwanza lazima ianzie ukurasa wa 2. Sisi tulianzia wa 1. Kila wimbo ukawa na Kiswahili mbele ya karatasi na Kirundi mgongoni. Ibada nzima ilikuwa kelele za karatasi, watu wakifunua na kurudisha, na ubeti wa tatu ukaimbwa na kwaya peke yake.

Chapa ya pili tuliirekebisha. Lakini kuna mama mmoja wa ng'ambo bado anakuja na kile cha zamani. Anasema kilimfundisha Kiswahili, maana hakikumpa nafasi ya kuchungulia.