Rugaruga: Timu ya Vijana ya Mirambo

Sisi vijana wa Kanyenye tukibishania mpira wa kikapu, wakubwa hutuambia timu ya watoto haichukui kombe. Mimi nasema, ebu tumtazame Mirambo!

Mwaka 1876 alipokutana na Stanley, mtemi huyu wa Urambo alimweleza kwamba vitani hupenda vijana: macho makali, viungo vyepesi, na hawana mke wala mtoto wa kuwarudisha nyuma. Hao ndio rugaruga. Vita ilikuwa kazi yao, ujira wao nyara. Agosti 1871 walikuwa wameshaivamia Tabora hii hii na kuichoma, Stanley akiuona moshi kutoka Kwihara.

Lakini tusishangilie tu. Nyara zile zilikuwa mali ya watu, wengine wanyonge kabisa. Na vijana wote walishikwa na mkono wa mtu mmoja. Mirambo alipofariki Desemba 1884, himaya yake haikudumu.

Kushinda kwa vijana kunawezekana, hilo halina ubishi. Ila wewe kocha unayewakusanya, jiulize: siku ukiondoka, utaacha timu au genge?