Meli Iliyofika Kigoma Ndani ya Masanduku

Leo somo letu liko Kigoma. Ninyi wa Kibirizi mnajua jinsi boti la mbao lizaliwavyo: fundi hulijenga ufukweni, kisha watu hulisukuma majini. Lakini meli kubwa ya chuma italetwaje katika ziwa lisilofikiwa na merikebu ya baharini?

Mwaka 1913 kiwanda cha Meyer, mjini Papenburg, Ujerumani, kiliunda meli Graf von Götzen, yenye urefu wa mita 71 hivi. Iliundwa ili ifunguliwe. Ilitiwa katika masanduku 5,000 hivi, ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam, halafu kwa reli, iliyofika Kigoma mwaka 1914. Njia hiyo ya reli peke yake ni kilomita 1,250 hivi.

Angalieni hapa, maana ndipo penye akili ya kazi. Kiwanja cha Papenburg kilikuwa kituo cha muda tu. Alama ya kila bamba ilipaswa kuonyesha mahali pake ndani ya meli, si mahali lilipolala kiwandani, wala sanduku lililolibeba. Alama ikikosewa, au bamba likipotea njiani, Kigoma hapakuwa na kiwanda cha kutengeneza jingine. (Siku hizi watunzi wa programu za kompyuta hufanya vivyo hivyo. Hupanga mafaili katika folda ya muda, lakini ndani yake huandika anwani ya makao ya mwisho. Wakiandika anwani ya folda ile ya muda, programu ikihamishwa hutafuta vitu vyake mahali patupu.)

Mafundi watatu walitoka Papenburg kuja kuiunga tena: Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann. Majina yao yamehifadhiwa. Ya Waafrika na Wahindi waliofanya kazi nao hayatajwi, na hilo ni pengo kubwa katika historia yetu.

Meli ilishushwa majini Februari 1915, vita vimekwisha kuanza. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe, lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo grisi nyingi. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924, mitambo ilikuwa ingali inafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya, Liemba, ikaenda kwa mvuke hadi miaka ya 1970, ilipofungwa injini za dizeli.