Kufua, kusubu na kulehemu: Tofauti ni ipi?

Katika eneo la Kamukunji, Nairobi, ndiko yatokako makarai, majiko ya makaa na masanduku ya chuma wanayobeba wanafunzi wa shule za bweni. Wapiti njia huiita kazi hiyo yote "kuchomelea". Hata hivyo, sehemu kubwa yake haihusu moto wowote: fundi huikata bati, huikunja na kuigonga ikiwa baridi.

Lugha ya Kiswahili ina maneno mahususi ya ufundi huu, na si ajabu. Al-Idrisi, mwanajiografia aliyeandika mwaka wa 1154, alitaja chuma miongoni mwa bidhaa kuu za Malindi.

Kufua ni kuipiga metali kwa nyundo juu ya fuawe. Mhunzi huvukuta mivuo hadi chuma kiive kwa moto, akakishika kwa koleo na kukipa umbo kabla hakijapoa. Chuma kilichofuliwa hustahimili kishindo, na ndiyo sababu jembe na shoka hufuliwa.

Kusubu ni kuyeyusha metali na kuimimina katika kalibu, ambayo mara nyingi huwa ya mchanga. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za selsiasi, hivyo moto wa makaa unaopulizwa vyema watosha. Chuma halisi chahitaji nyuzi 1,538. Chuma cha kusubu, chenye kaboni ya asilimia 2 hadi 4 hivi, huyeyuka mapema zaidi, lakini kina ila yake: ni kigumu na hukatika ghafla bila kupinda. Mwenye gari ambaye injini yake imepata ufa na akampelekea fundi anayetumia vijiti vya kawaida vya kuchomelea, huenda akaona ufa mwingine ukizuka kando ya kiungo punde kinapopoa.

Kulehemu na kuchomelea ndiyo maneno yanayochanganywa zaidi. Anayelehemu huyeyusha lihamu peke yake, nayo ikaunganisha vipande ambavyo havikuyeyuka. Anayechomelea huyeyusha kingo za vipande vyenyewe hadi vikawa kitu kimoja. Lihamu ya kawaida ilikuwa mchanganyiko wa bati na risasi, na risasi ni sumu. Birika lililozibwa kwa lihamu ya namna hiyo halifai kutiwa maji ya kunywa, hata likiwa halivuji.

Pua, au feleji, ni chuma chenye kaboni kidogo, chini ya asilimia 2. Ikipashwa moto hadi iwe nyekundu kisha ikatoswa majini au katika mafuta, huwa ngumu mno, karibu na kuvunjika kama kigae. Kwa hiyo fundi huipasha tena kwa moto wa kadiri ili kuipunguzia ukali huo. Wahunzi wengi huzitumia springi kuukuu za malori kutengenezea panga na visu kwa kuwa pua yake hukubali kazi hii. Panga likinolewa kwa mashine hadi makali yakageuka rangi ya samawati, ugumu huo umepotea, na kulinoa zaidi hakutaurudisha. Tupa ya mkono ni ya polepole, lakini haina hatari hiyo.

Kukereza nako ni kuzungusha kipande katika keezo huku kisu kikikwangua. Keekee hutoboa, jiliwa hubana kipande kisiponyoke.

Limebaki neno "mabati", ambalo huwapotosha wengi. Bati lenyewe ni metali laini inayoyeyuka kwenye nyuzi 232. Mabati ya kuezekea ni pua iliyopakwa zinki ili isishikwe na kutu. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, chini sana ya joto la kuchomelea, na moshi wake mweupe huleta homa na baridi ya mwili saa kadhaa baada ya kuvutwa. Fundi mwangalifu huikwangua zinki kwanza mahali pa kiungo, akafanyia kazi nje penye upepo.