Herufi E Mwishoni mwa Maneno ya Kiingereza

Mwanafunzi akisoma neno la Kiingereza "name", yaani jina, kwa kulitamka na-me, wenziwe humcheka. Je, amekosa kabisa? Tukitazama historia twaona sivyo. Waingereza wa kale walisema "nama"; na zamani za Chaucer, mshairi aliyefariki mwaka 1400, e ya mwisho ilikuwa ingali ikisikika, ijapokuwa kwa unyonge. Baadaye sauti ilikufa, herufi ikasalia, ikapewa kazi ya kuonyesha kwamba irabu iliyotangulia hutamkwa namna nyingine: "hat" ni kofia, "hate" ni chuki. Katika "have" na "give" sababu ni nyingine. Zamani u na v zilikuwa maumbo mawili ya herufi moja, basi e iliwekwa mwishoni ili isomwe v, isidhaniwe u.

Kiswahili kimeshika njia yake: "kitab" ya Kiarabu imekuwa kitabu, na irabu iliyoongezwa yatamkwa.

Kwa hiyo twawasihi walimu wasimfanyie mzaha mtoto yule, bali wamweleze kwamba sauti aitafutayo ilikuwako, nayo imekwisha kutoweka.