Barabara Kati ya Kanisa na Bustani



Leo nataka twende pamoja Birmingham, mji ulioko jimbo la Alabama, Marekani. Kuna kona moja pale ambayo kila Mkristo angefaa kuijua. Upande mmoja limesimama kanisa la 16th Street Baptist, jengo lililokamilika mwaka 1911, lililochorwa na msanifu mweusi, Wallace Rayfield. Ng'ambo ya barabara kuna bustani ya Kelly Ingram. Kutoka kanisani hadi bustanini ni hatua chache tu, lakini mwaka 1963 hatua hizo ziligharimu sana.

Siku hizo sheria iliwatenga weusi na wazungu shuleni, mikahawani na hata kwenye mabomba ya maji ya kunywa. Aliyepinga aliwekewa baruti. Usiku wa Krismasi 1956, nyumba ya Mchungaji Fred Shuttlesworth wa kanisa la Bethel Baptist ililipuliwa yeye akiwa ndani. Alitoka mzima. Siku iliyofuata aliongoza watu wake kwenda kuketi kwenye viti vya wazungu ndani ya mabasi.

Aprili 1963, siku ya Ijumaa Kuu, Martin Luther King Jr. alikamatwa katika mji huo. Viongozi wanane wa dini, wote wazungu, walitoa taarifa gazetini wakisema maandamano hayo hayakuwa ya busara na wakati wake haujafika. King aliwajibu akiwa jela, akianza kuandika kwenye pambizo za gazeti. Wapendwa, barua ile inayojulikana dunia nzima haikuandikiwa watega mabomu. Waliandikiwa watumishi wa Mungu, watu wa heshima waliosema, "Subirini."

Hapo ndipo nami ninapochomwa. Nimewahi kuketi na vijana wetu wakanieleza uchungu wao: kazi hakuna, na kila mlango unadai kitu kidogo. Nikawaambia, "Ombeni tu, Mungu ana wakati wake." Neno lilikuwa la kweli. Lakini moyoni nilitaka tu wainuke waondoke, nisije nikatakiwa kusema jambo lolote hadharani.

Tarehe 2 Mei 1963, zaidi ya wanafunzi elfu moja waliacha masomo wakakusanyika katika kanisa lile. Waliomba, wakaimba, kisha wakatoka kwa makundi mlangoni. Mamia walikamatwa siku hiyo. Kesho yake wenzao walipotoka tena, mkuu wa usalama wa mji, Bull Connor, aliamuru wapigwe kwa maji ya mabomba ya zimamoto na kuachiliwa mbwa. Picha zilizopigwa pale bustanini zilienea duniani kote. Kufikia tarehe 10 Mei, ilitangazwa kwamba wafanyabiashara wamekubali kuanza kuondoa ubaguzi madukani mwao.

Lakini adui hakulala. Jumapili tarehe 15 Septemba, saa nne na dakika 22 asubuhi, bomu lililipuka kanisani. Somo la shule ya Jumapili siku hiyo lilihusu upendo unaosamehe. Wasichana wanne waliokuwa wakijiandaa kwa ibada waliuawa: Addie Mae Collins, Carole Robertson na Cynthia Wesley, wote wa miaka 14, na Denise McNair wa miaka 11. Katika dirisha moja la vioo vya rangi, uso wa Yesu uling'oka, mwili ukabaki umesimama.

Haki ilikawia. Mtu wa kwanza alihukumiwa mwaka 1977, wengine wawili mwaka 2001 na 2002.

Watu wa Wales, ng'ambo ya bahari, waliposikia habari hizo walichanga senti zao wakalipa kanisa lile dirisha jipya. Linamwonyesha Kristo mweusi, mikono imenyooshwa. Mkono mmoja unasukuma uovu mbali, mwingine unatoa msamaha. Chini yake kuna maneno machache yanayotukumbusha Mathayo 25:40. Mikono yote miwili ni ya Yesu mmoja. Sisi mara nyingi tumehubiri ule wa msamaha, ule wa kusukuma uovu tukauficha mfukoni.

Soma tena Luka 10:31. Yule kuhani hakumpiga yule msafiri wala hakumnyang'anya kitu. Alichagua tu upande wa barabara. Nafikiri alikuwa na ibada ya kuwahi.

Watoto wa Birmingham hawakuchagua kati ya maombi na barabara. Walipiga magoti kwanza, ndipo wakavuka. Bila kanisa wangevuka na chuki mikononi, na bila bustani maombi yao yangebaki ndani ya kuta nne.

Kijana wangu niliyekuambia usubiri, nisamehe. Njoo tuombe pamoja, na tukimaliza tutoke pamoja.

Ee Bwana, usituache tupite kando. Tupe magoti ya kuomba na miguu ya kuvuka. Kwa jina la Yesu, amina.